Turubai la Jumuiya

Jamani, hili jambo mimi sipendi kulisimulia, na kama si kwamba kila nikipita sokoni kuna mtu ananiuliza "Mzee anaendeleaje, mwalimu?" huku anajing'ata mdomo asicheke, ningenyamaza nalo mpaka kaburini. Lakini najua mmelisikia nusu nusu, na hizo nusu zenyewe watu wametia chumvi, kwa hiyo bora nilieleze mwenyewe lilivyokuwa, halafu mnicheke kwa haki. Ila mnivumilie, nimechoka, na mimi nikichoka nasimulia kwa kuzunguka.

Mnajua naishi Cheyo, nafundisha darasa la tatu, mume wangu alishatangulia mbele ya haki na watoto wangu wote wako Dar wanatafuta maisha, kwa hiyo nyumbani tupo wawili tu, mimi na baba yangu mzazi. Baba katika ujana wake alikuwa askari wa wanyamapori, upande wa magharibi huko ng'ambo ya Urambo, zamani pakiwa pori la akiba na siku hizi pamekuwa hifadhi ya taifa. Ni mahali pakavu hapo, msidanganyike na neno hifadhi mkadhani nyasi za kijani za kwenye kalenda. Ikifika mwezi wa tisa mto wote ni mchanga mtupu, majani yameshaungua, ardhi imepasuka, unaweza kutembea kutwa usione maji ya kumnywesha hata njiwa. Baba anapaita "jangwa langu". Alikaa huko miaka na miaka, akastaafu, akazeeka, moyo ukaanza kumsumbua na magoti yakagoma, na tangu mwaka jana akawa na wimbo mmoja tu: anataka kulala jangwani kwake mara moja tena kabla hajaondoka duniani. Kila siku. Narudi shuleni nina vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, sijavua hata viatu, naulizwa tunakwenda lini.

Nikakubali. (Mtu akikuuliza swali moja mwaka mzima, unakubali ili upumzike.)

Shida ilikuwa kaka yangu Bernadi. Kaka Bernadi ndiye mzaliwa wa kwanza, analima tumbaku Usoke, mtu wa maneno machache, na kwetu akishasema yeye jambo limekwisha. Na alikuwa ameshasema zaidi ya mara moja kwamba baba ahamie Usoke, maana mimi nashinda shuleni na mzee anabaki peke yake, siku litatokea la kutokea hakuna mtu. Sasa nikamwambie mtu kama huyo kwamba huyu mgonjwa wa moyo nampeleka porini kiangazi, akalale chini mahali ambapo hata simu haishiki? Angekuja siku hiyo hiyo kumchukua, na baba asingeliona tena jangwa lake. Kwa hiyo nikaamua safari tuipange kimyakimya, twende likizo fupi ya mwezi wa tisa, tulale siku mbili turudi, na kaka aje ajue tumesharudi wazima.

Basi tukapanga. Jamani, baba alivyofurahi. Jioni tunakaa mkekani, yeye anatamka mimi naandika nyuma ya mitihani ya zamani ya watoto: maji, mtu mmoja dumu moja kwa siku mbili, na gari nalo lipewe madumu yake, chumvi, kamba ya katani, si ya plastiki, panga, michembe na nsansa, maana viazi vikavu na majani ya kunde makavu havichachi, asali kidogo. Nilipomwambia siku hizi inabidi tuombe kibali cha kuingia, alicheka mpaka akakohoa, akasema yeye ndiye aliyekuwa anakamata watu wasio na kibali pale, leo akaombe kibali kwa wajukuu zake. Nikamwonyesha picha za hema za kisasa kwenye simu, zile ndogo za kutambaa. Akazitazama kwa muda mrefu. "Hii ni ya kulaza mbwa," akasema. "Mimi magoti haya siwezi kuingia nyumba kwa kutambaa. Tafuta turubai, lifungwe juu, upepo upite."

Halafu akaleta sharti. Enzi zao kazini, kabla ya kwenda doria, walikuwa wanafunga kila kitu uwanjani pale kituoni, wanapika na kulala kama wako porini tayari, na kesho yake ndipo wanajua wamesahau nini. Kwa hiyo na sisi tufunge nyumbani kwanza, Jumamosi ile kabla ya safari. Nikasema sawa. Nyuma ya nyumba kuna banda la kuku na choo, hakuna nafasi, ikabidi tufunge mbele, inapotazama barabara.

Sasa turubai natoa wapi? Nikakumbuka turubai la jumuiya.

Ninyi mlio wageni na mambo yetu, pale mtaani jumuiya yetu ya Kikatoliki ina turubai moja la buluu, lenye kiraka cheupe pembeni, na masufuria makubwa matatu. Vinakaa kwa mwenyekiti wetu, Mama Restituta. Na havitoki kwa harusi, ya harusi watu wanakwenda kukodi yale yenye mapambo na maua. Lile la buluu linatoka kwa kazi moja tu, na mtaa mzima mpaka watoto wanaijua kazi hiyo. Mimi mwenyewe nimekaa chini ya lile turubai mara ngapi, hata mume wangu alililiwa hapo. Lakini siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye madumu na kamba, nilichokiona mimi ni kitambaa kizito kisichopitisha jua.

Kingine, na hapa ndipo nilipoharibu: Mama Restituta ni dada wa mke wa kaka Bernadi, tumbo moja. Nikimwambia yeye, Usoke wamejua kabla sijafika nyumbani.

Nikaenda Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu kwa kusahihisha madaftari, kichwani nimejifunga kanga tu kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuchana nywele.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mwalimu, mbona mapema hivi?"

"Nimekuja kuomba turubai, mama. Na sufuria moja kubwa." (Ya kuchemshia maji ya kujaza kwenye madumu, baba haamini maji ya bomba.)

Akanitazama. "Kuna nini?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumpa, hata ya uongo mzuri, lakini nilikuwa nimechoka na uongo mzuri unataka mtu aliyelala. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Nitakueleza baadaye, mama. Ngoja kwanza nikafunge."

Ndiyo hivyo tu. Mama Restituta akaweka mkono kifuani, hakuuliza tena, akafungua stoo mwenyewe, akanishika bega akasema pole sana mwanangu. Nikadhani ananipa pole ya mzigo, maana lile turubai ni zito. Nikajibu, "Asante, mama, tumeshazoea." Fikirieni mtu anasema hivyo.

Dereva wa bajaji aliyenibebea naye hakuuliza kitu. Alinisaidia kusimamisha nguzo na kukaza, na alipomaliza akavua kofia, akasimama kidogo akitazama mlango wa nyumba yangu, akaondoka bila kupiga honi. Nikasema moyoni kumbe bado kuna vijana wenye adabu. Nikatandaza mikeka chini ya turubai. Nikatoa viti vyote vya sebuleni, nikavipanga kando. Nikakusanya mafiga matatu, nikawasha moto mbele ya nyumba, nikateleka lile sufuria. Nikarudi nyuma hatua chache kutazama kambi yetu, nikaridhika kabisa, nikasema baba akiamka atafurahi. Alikuwa bado amelala, dawa zake za asubuhi humlaza mpaka saa tatu.

Nikagundua sina kamba ya katani na madumu hayatoshi. Nikagonga mlango wa chumba chake: "Baba, natoka kidogo, nafika sokoni." Akajibu haya, kwa sauti ya usingizi. Simu nikaiacha sebuleni kwenye chaji. Nikaenda.

Huko sokoni nikacheleweshwa na mama mmoja mzazi, alitaka kujua kwa nini mwanawe amepata kumi na mbili katika hesabu, na mimi kwa uchovu nikamweleza kwa kirefu, swali kwa swali. Kwa hiyo ilikuwa kama saa nne niliporudi, nina madumu manne nimeyafunga kamba moja nayaburuta nyuma yangu kama mbuzi.

Nikafika kona ya kwetu, nikasikia kilio.

Nikaona watu. Mbele ya nyumba yangu, chini ya lile turubai, wanawake wamekaa mikekani wamejifunga kanga, wanaume kwenye viti vyangu na kwenye mabenchi ya kanisani, moto umekuwa wa masufuria matatu, kuni zimerundikwa, mtu anachambua mchele kwenye ungo. Mama Restituta yuko katikati anapanga kazi. Na lile turubai la buluu juu yao, na kiraka chake.

Sasa mtu mwenye akili zake angesema hawa wamekosea. Mimi sikusema hivyo. Mimi niliona turubai la jumuiya limefungwa kwangu na watu wanalia, na ingawa nililifunga kwa mikono yangu asubuhi hiyo hiyo, nikajua kitu kimoja tu: nimemwacha peke yake, na amekufa peke yake. Kama kaka alivyosema siku zote. Niliitupa ile kamba, madumu yakabiringika barabarani, na nikapiga ukunga ambao mpaka leo watu wa Cheyo wanaupima nao ukunga mwingine.

Nililia, jamani. Sitanii, siku ile nililia kwa uchungu wa kweli kabisa, nikajitupa chini, wanawake wakanishika huku na huku, wigi (nililivaa kwa ajili ya sokoni) likaruka likaangukia karibu na moto, mama mmoja akaliokoa kwa mwiko. Na mimi nikilia naongea. Niliomba msamaha mbele ya umati. Nilisema, "Baba, nisamehe nilikuacha." Nikasema, "Baba, ningekupeleka, ilibaki siku tano tu ningekupeleka," na wanawake wakawa wananibembeleza, ameshafika mwalimu, amefika pazuri. Halafu nikasema, na hili ndilo linalonipa joto la uso hata sasa hivi, "Nisamehe sukari, baba, nilikudanganya imeisha, sukari ilikuwepo." Maana daktari alimkataza na mimi nilikuwa naificha kwenye ndoo ya maharage. Mtaa mzima ukajua inakokaa sukari yangu.

Kilio changu kikawathibitishia hata wale waliokuwa na mashaka. Kama kulikuwa na mtu anajiuliza mbona hatujaona hati ya hospitali, aliacha kujiuliza.

Katikati ya hayo akaingia Mama Mwajuma. Huyu ni jirani yetu, anauza vitumbua pale njia panda, ni Mzaramo, na mnajua Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu kutembea kwa miguu na mizigo kichwani mpaka pwani. Msibani mtani ana kazi yake, na Mama Mwajuma hajawahi kuikwepa. Alikuwa ameshachukua kofia ya baba ya kazini iliyokuwa inaning'inia barazani, ameivaa, amevaa na lile koti lake la kaki, ameshika fimbo, anatembea miguu nje nje kama baba anavyotembea, magoti hayakunji. Akafika mbele ya mwanamume mmoja akamnyooshea fimbo: "Wewe, kuni hizi umekata pori gani? Lete kibali." Watu wakaanza kucheka na machozi yao. Akageuka kwa wote akasema, "Mnyamwezi alitubebea mizigo mpaka pwani miaka yote, leo amechoka, anataka kubebwa yeye. Nami sibebi mpaka nipewe kofia." Nami nilicheka kidogo katikati ya kwikwi, maana alikuwa ni baba mtupu.

Nilipoinua uso nikamwona baba amesimama kwenye kona ya nyumba.

Alikuwa mzima. Kumbe aliamka nilipotoka, akapita mlango wa nyuma, akachukua panga lililoandikwa kwenye orodha yetu, akajikongoja mpaka kwa fundi baiskeli wa mtaa wa nyuma kulinoa, na wakapiga soga huko za enzi zao. Wanawake walipofika walikuta kimya, mlango wa chumba chake umefungwa, wakaona si adabu kufungua, wakajisemea mwili uko hospitali. Sasa huyo hapo, amesimama na panga linang'aa begani, anamtazama Mama Mwajuma anavyotembea.

Waliomwona kwanza ni wale wa mabenchi ya nyuma. Benchi moja likaanguka na watu wake. Wengine waliruka uzio, na wapo waliokimbia na viti vyangu mikononi. Waliobaki walibaki kwa sababu miguu ilikataa. Ukasikia maharage yanachemka.

"Nani amekufa?" baba akauliza.

Mwishowe Mama Mwajuma, bado amevaa kofia, akasema, "Wewe."

"Lini?"

"Asubuhi hii, wanasema."

Baba akafikiri. Akaliegemeza panga ukutani, akatafuta kiti kilichobaki, akakaa polepole kama anavyokaa siku zote, mkono mmoja kwenye goti. Akanitazama mimi niliyekuwa chini kwenye vumbi bila wigi. "Basi nipeni chai," akasema. "Yenye sukari. Nimesikia ipo."

Nilitambaa nikamshika miguu. Sikujali tena nani anacheka. Ilikuwa ya moto, ile miguu, na ina vumbi, na nikaishikilia mpaka akaniambia namuumiza.

Ningeweza kusema ukweli hapo hapo, jamani. Baba mzima, watu wako hapo, wamefurahi kuliko walivyokasirika, ningesema tu nilikuwa nafunga kambi. Mama Restituta akaja akasimama mbele yangu, ameshika simu mkononi, akasema taratibu, "Mwalimu, hili turubai lilikuwa la nini?" Nikaiona ile simu. Nikajua Usoke wameshapigiwa, na nikajua nikisema pori, safari imekufa. Nikasema, "Nilikuwa nataka kukaushia michembe."

Wanawake wote wa Kinyamwezi waliokuwa pale wakanigeukia kwa pamoja. Michembe inakaushwa kwenye jua kali, juu ya mwamba au juu ya bati. Hakuna mtu tangu dunia iumbwe aliyekausha michembe kivulini. Mama Restituta alitikisa kichwa tu, akaenda kuongeza maji kwenye wali, kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapikwa na watu wangekula.

Nilimpigia kaka. Simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika, alikuwa anapigia ukoo mzima. Nikapiga tena, haipatikani, wako njiani. Saa nane mchana pikapu ikakunja kona imejaa watu, shangazi yangu ameruka kabla haijasimama, analia jina la baba tangu barabarani, na baba yuko chini ya turubai anakula wali maharage, akatuambia, "Shangazi yenu ataanguka huyo, mshikeni."

Kaka Bernadi alishuka wa mwisho. Alikuwa na mfuko mweusi wa nguo mkononi, ule wenye zipu. Alimwona baba, akasimama. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye mchanga, mwanamume mzima na suruali yake ya kanisani, akaweka uso kwenye magoti akalia. Mimi sijawahi kumwona kaka yangu analia, hata mama alipofariki. Watu wakageuka pembeni kumpa nafasi.

Baba alimwacha mpaka akamaliza. "Bernadi, hicho nini?"

"Suti."

"Ya nani?"

"Yako, baba."

"Umeshona lini?"

"Mwaka jana."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Lakini baba alinyoosha mkono, akafungua zipu, akalitoa koti akalivaa juu ya shati lake, akajinyoosha. Akasema mikono ni mirefu kidogo lakini begani limekaa, ataanza kulivaa Krismasi. Hakuna aliyejua acheke au afanye nini.

Ndipo kaka akanigeukia, akaniuliza lile swali, turubai lilikuwa la nini, na mimi, Mungu anisamehe, nikarudia michembe. Baba akaacha kula. "Michembe gani? Tunakwenda porini, mimi na Vero. Alhamisi. Tulikuwa tunajaribu kambi."

Kaka hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga kelele. Aliniambia, "Pori, Vero? Baba na moyo huu? Na hukuona wa kumwambia." Halafu akaniambia nifunge nguo za baba. Nikazifunga. Jioni ile ile baba akapanda pikapu mbele, bado amevaa lile koti, na nilipoinama dirishani kumuaga hakuonekana na hasira. Alisema tu, "Ungemwambia, mwanangu. Kwani ulikuwa unaiba?"

Wiki iliyofuata ndiyo iliyonimaliza. Nilisugua masufuria matatu ya jumuiya peke yangu, nikakunja turubai, nikapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi na kurudisha mabenchi, na kukusanya viti vyangu vilivyokimbizwa (kimoja mpaka leo sijakiona). Nikaenda kwa katekista afute tangazo la msiba la kanisani. Shuleni, zile siku chache kabla ya likizo, watoto wa darasa la tatu walisimama na kusema kwa pamoja, "Pole mwalimu kwa msiba," sikuwa na nguvu ya kuwasahihisha. Jumuiya ikakaa kikao, ikapitisha kwamba anayekuja kuchukua turubai ataje sababu kwa kinywa chake mbele ya watu wawili. Hawakutaja jina langu, walinitazama tu.

Na Alhamisi yenyewe ikapita. Nilikaa nyumbani na madumu yangu nane yamejaa maji. Nilikuwa namchokea baba na swali lake, lakini nawaambia nyumba ambamo huulizwi "tunakwenda lini" inachosha zaidi.

Kaka na mimi hatukuongea mwezi wa tisa wote, wala wa kumi. Mimi nilikuwa naogopa, yeye sijui. Mwezi wa kumi na moja nikasema basi, nikapanda basi mpaka Usoke, nikamkuta shambani anapandisha matuta ya tumbaku. Nikamwamkia, shikamoo kaka, akaitika, na kabla sijakaa nikasema lote kwa pumzi moja, kwamba baba anataka kulala kule mara moja kabla hajaondoka, kwamba nilimficha kwa sababu nilijua atakataa, kwamba nilikosea kumficha lakini sikukosea kutaka kumpeleka, na nataka ruhusa yake. Haikuchukua hata dakika. Jambo lililonitoa machozi mbele ya mtaa mzima, nililisema kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Kaka alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole. "Mlikuwa mnakwenda wawili?"

"Ndiyo, kaka."

"Tulipokuwa wadogo baba alikuchukua wewe likizo nzima kule kambini. Mimi nilibaki nachochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Ukarudi unasimulia tembo mwaka mzima." Akakwangua tena. "Hilo pori mimi sijawahi kuliona. Na safari hii pia mlikuwa mniache."

Miaka yote hiyo nimemwogopa huyu mtu, kumbe anasubiri aambiwe njoo. Nikamwambia twende wote, kaka, hata wiki ijayo. Akatazama juu, nami nikatazama, na mvua ya kwanza ikaanza kutudondokea begani tukiwa tumesimama hapo hapo, wakulima wenzake mashamba ya jirani wakawa wanashangilia. Mvua zikishaanza, ile njia ya kuingia huko inakuwa tope jeusi, hakuna gari linalopita mpaka mwezi wa sita.

Sasa hivi tunapanga upya, watatu. Kaka amenunua kitanda cha kukunja, anataka baba asilale chini, baba anasema hicho ni cha hospitali, wananipigia simu kwa zamu kila mmoja anamshitaki mwenzake. Mimi nimeapa sitafanya tena jambo la kuficha ndugu zangu, hata likiwa dogo namna gani, nitalisema asubuhi kabla ya chai, anayekataa akatae. Mwezi wa sita si mbali, ndivyo ninavyomwambia baba kwenye simu kila Jumapili. Ananijibu hewala. Lakini Januari anatimiza miaka themanini na mbili, na wiki mbili zilizokwisha ilikuwa ni mimi niliyetaja safari kwanza, yeye hakuuliza tunakwenda lini.